Kadi Niliyomwahidi Kengele

Jumatatu, 4 Agosti
Uji, simu, vyombo. Ndiyo ratiba yangu tangu tumalize mitihani. Matokeo bado.

Arkwell amepiga mpira mmoja nje ya uwanja. Sijawahi kuona mechi ya besiboli hata moja, lakini huyu mtu namjua kuliko binamu zangu. Akicheza vizuri kwao Marekani, kadi yake iliyo kwenye simu yangu inapanda bei, nami napanda kwenye msimamo wa kundi letu la Kigali. Tuko kumi na mmoja. Mimi ni wa pili. Sijawahi kuwa wa pili katika kitu chochote.

Kwenye mchezo najiita Kimya. Hakuna anayenijua isipokuwa Solange, rafiki yangu, aliyeniingiza.

Leo mtu anayejiita Kengele ameniandikia: "Ndugu Kimya, Arkwell unamuuza? Natoa sarafu mia mbili." Nilitaka kusema hapana. Nikaandika ndiyo. Ni ugonjwa. Wiki iliyopita dukani nilikubali kununua mtego wa panya. Hatuna panya.

Sarafu ni za mchezo tu, hugawiwa Jumapili. Kengele atalipa siku hiyo saa saba mchana. Asubuhi, anasema, ana shughuli.

Jumanne, 5 Agosti
Solange amekuja kutoka Batsinda kunicheka.
"Mia mbili kwa Arkwell? Sha, wewe mtu akikuomba figo utamuuliza ya kushoto ama ya kulia!"
Nikamwambia nilishasema ndiyo.
"Kwani mmefunga ndoa?"

Jumatano, 6 Agosti
Arkwell kapiga miwili nje. Kadi imefika mia tatu na hamsini. Nimesali akose. Nimesali kweli, nimepiga magoti, kabla ya uji.

Alhamisi, 7 Agosti
Mitatu. Ama Mungu hanisikii, ama anapenda besiboli.

Ijumaa, 8 Agosti
Mia saba. Watu watano wameiomba kadi. Solange anasema nimdanganye Kengele. Nikaandika: "Samahani, simu yangu imepotea." Nikakumbuka naandika kwa simu hiyohiyo. Nimefuta.

Namchukia Kengele. Ana adabu sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Mama amenituma kuungama. Padri ni mpya kwenye parokia. Mama, aliyekulia Bujumbura, anasema Kiswahili chake ni kitamu.

Nilimwambia padri yote. Kwamba nimemwahidi mtu kadi ya mchezaji wa besiboli. Kwamba bei imepanda na nataka kumgeuka mnunuzi. Kwamba nimemwombea mchezaji mabaya.

 Upande wa pili wa wavu, kiti kikatoa mlio.
"Arkwell?"
Sikuwa nimetaja jina.

Akakohoa. Akakohoa tena.
"Mwanangu, malipizi yako ni Salamu Maria tatu, kwa ajili ya huyo mchezaji. Kuhusu mnunuzi... tafuta padri mwingine. Mimi katika hilo siwezi kukushauri."

Nilitoka bila kumaliza ishara ya msalaba. Kengele ni padri. Padri ni Kengele. Nataka kuhamia Gahanga nikalime.

Jumapili, 10 Agosti
Saa saba. Hajaandika. Saa nane. Hajaandika.

Nilidhani amekasirika. Kisha nikaelewa. Padri hawezi kutumia alichosikia kwenye maungamo. Akiidai kadi, atakuwa ananibana kwa dhambi yangu. Akiniachia, bado atakuwa ametumia siri. Maskini, amefungwa mdomo pande zote. Kwa hiyo anayepaswa kuanza kusema ni mimi. Mimi, kati ya watu wote!

Solange akapiga simu, nikamwambia nataka kumwandikia Kengele. "Usithubutu! Mwache akae hivyohivyo!" Nikamwambia hapana. Ni hapana yangu ya kwanza mwezi huu.

Saa tisa nikaandika: "Kengele, Arkwell ni wako. Mia mbili, kama tulivyosema."

Akajibu papo hapo: "Asante sana, ndugu Kimya. Ubarikiwe." Baada ya sekunde chache akaufuta ujumbe. Ukarudi: "Asante sana, ndugu Kimya."

Nimeshuka hadi wa sita. Nimelia kidogo. Nimekula viazi vitamu vingi.

Alhamisi, 14 Agosti
Arkwell ameumia msuli wa paja akikimbia. Hachezi tena mpaka msimu uishe. Kadi sasa ni sarafu thelathini.

Kumbe sala zangu zilifika, zilichelewa njiani tu. Nimecheka. Nimeona aibu. Nimecheka tena. Nimerudia zile Salamu Maria tatu, safari hii kwa kumaanisha.

Solange ananiita mtakatifu. Hanisifu.

Jumapili, 17 Agosti
Misa ya Kiswahili, benchi letu la nyuma. Maombi ya waamini yalipokwisha kusomwa, padri akaongeza moja la kwake.

"Tuwaombee wagonjwa wetu wote," akasema, "hasa walioumia msuli wa paja."

Watu wakatazamana. Mzee aliyekaa mbele yetu akajishika mguu, akishangaa padri amejuaje.

Nikaitikia kwa sauti, kabla ya kanisa zima: "Twakuomba, utusikie."

Mama akageuka kunitazama. Miaka yote hii kanisani hajawahi kuisikia sauti yangu. Padri hakuinua macho kutoka kwenye kitabu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alinishika mkono mpaka mlangoni.