Msitu wa Juu ya Chemchemi

Milimani, Fizi, tarehe 9 Septemba 1978

Kwako yaya Nyiramahoro, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na watoto. Mmeamkaje huko Baraka? Homa ya Godelieve imepoa? Mimi mwili uko salama, ila moyo hauko.

Barua yako nimeipata. Umesema umepanga chumba karibu na gereza ili umpelekee shemeji Sebasaza chakula, na unaniuliza mimi, mlinzi wa msitu, kama kweli nilimwona akiuchoma. Nitakujibu, lakini nivumilie kidogo.

Unajua nilivyoianza kazi hii. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Niliona chemchemi yetu inapungua kila kiangazi, nikajenga kibanda kando ya msitu unaoifunika, nikapanda miti. Siku za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, watu walikuja kunisaidia kwa sababu ya amri. Siku nyingine nilikuwa mimi na jembe langu. Uliniita Bwana Miti, ukacheka, nami nikacheka.

Kisha nikawakataza wenye ng'ombe kuchoma nyasi, kwa hofu kwamba moto ungeingia msituni. Walinisikiliza mwaka mzima. Lakini nyasi ndefu zilijaa kupe, ndama wakaanza kufa. Shemeji peke yake alipoteza wanne. Hakunigombeza; alisema tu, "Bisogo, we unapenda miti kupita batu." Tangu hapo hakuna nyumba iliyonipa maziwa, na wewe unajua kwetu kunyimwa maziwa ni nini. Miezi mitatu sikusemezwa na mtu. Hata kanisani nilikaa benchi zima peke yangu. Nilifika mahali pa kuisalimu miche asubuhi kwa sauti kubwa, ili nisikie tu neno la mtu. Upweke uliniuma vibaya, yaya.

Siku ile ya moto, mwezi wa Agosti, shemeji alipita na ng'ombe wake, hakugeuza kichwa. Askari walipokuja kuuliza habari za moto, niliwaambia nilimwona akipita pale, na hilo ni kweli. Wakaandika jina lake, citoyen Sebasaza, wakamchukua.

Jambo nililowaficha ni hili: kiberiti kilikuwa changu. Alipokwisha kupita, nilichoma kipande kidogo cha nyasi ili kupe wafe, watu wajue niko upande wao, waje tena kuketi nami. Upepo ukageuka. Niliupiga moto kwa matawi mpaka mikono ikaungua, lakini uliingia msituni, ukala kila kitu hadi kwenye maji. Mume wako hana kosa. Nilimwacha afungwe kwa sababu niliogopa, na naona haya.

Barua hii nimempa pasta Eugène, anayeshuka leo. Mimi nitashuka kesho, nikaseme mwenyewe mbele ya askari. Nimeitanguliza makusudi: ukishaisoma, sitaweza tena kurudi nyuma.

Msalimu shemeji, kama atapokea salamu zangu. Wasalimu na watoto. Hapo chini sikuandika "mdogo wako". Neno hilo nakuachia wewe.

Bisogo