Kompyuta Haisikii Baridi

Nathan, usipeleke kompyuta kwa fundi Tororo. Soma kwanza. Maharagwe yameiva, yako jikoni.

Asubuhi ukiwa unachapa programu ya harusi yako, skrini ikageuka buluu, ikazima, kazi yote ikapotea. Ukasema, “Ni Nerima na filamu zake,” ukafuta jina langu kwenye orodha ya wapambe. Nilikaa nikaangalia. Kumbe kila ukitoka kidogo, Mama anaingia kuivika kompyuta kitambaa chake cha kufuma, matundu ya nyuma yanazibika yote. Nimeigusa, ni moto kama pasi. Nimetoa kitambaa, na mpaka naondoka haijazima tena.

~~Mama, kitambaa nimetupa.~~ Nimekata hapo, ilikuwa hasira. Kiko kabatini.

Mama, najua hutaki wakwe wakute kompyuta iko uchi. Lakini ikizima tena, wakwe hao watasimama kanisani bila kujua waimbe nini. Vika redio, hiyo ilishakufa.

Nathan, nimevuka upande wa Kenya kwa fundi cherehani, kuchukua gauni langu la upambe. Nikirudi nalo, nikute jina langu kwenye programu.

Dada yako,
Nerima