Viunza vya Mwalimu Ngwali Mjaka

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuteremsha kaburini ukafunikwa, kabla ya udongo, kwa viunza vya miti ya mikoko uliyoipanda mwenyewe. Watu wanatuambia tumeshapoa. Hatujapoa.

Ulikuwa Mwalimu kwa watoto wa kijiji hiki na kwa wazazi wao. Ulipenda chai ya mchaichai isiyo sukari. Ulikuwa ukikohoa kabla ya kuingia darasani ili wanaopigana wapate kuacha, na hukumpiga mtoto wa mtu. Maji yakipwa uliwateremsha wanafunzi wako pwani kupanda mikoko pale ilipokatwa kwa ajili ya tanuri za chokaa. "Ukuta wa bonde ni huu," ukiwaambia. "Ukiondoka, mpunga wa mama zenu utakunywa chumvi."

Kupanda hakukukuletea shida. Shida ilikuja ulipowafunza kuuliza. Uliwapeleka kwenye mkutano wa kijiji, wakakaa nyuma kimya, mpaka Mwanapili, binti wa Mzee Jecha, aliponyoosha mkono.

"Shikamooni wazee. Nani karuhusu mikoko ikatwe?"

Badala ya kumjibu, Mzee Abrahman, mwenye tanuri, alikugeukia wewe: "Mwalim, watoto hawa wawatia siasa."

Nawe ukasema, "Siasa gani, yakhe? Mtoto auliza kitu cha kwao."

Basi wanakijiji wakakususia. Kwetu kususa si mchezo: mtu hupita mlangoni kwako kama anapita gofu lisilo mtu. Harusi ya binti yako Tatu, pilau lilibaki masufuriani, tukawamwagia kuku. Kesho yake ulikwenda pwani na darasa lako. Shukrani ya punda ni mateke, Baba, nawe ulilijua hilo mapema kuliko sisi.

Ulipokufa walikuja wote. Wasiofika harusini walijaa mazikoni, wakagombania kulibeba jeneza. Mzee Abrahman alikuja na viunza begani, analia machozi ya kweli. "Vimenyooka hivi, havina kombo," alisema. "N'mevikata kwenye mikoko ya Mwalim mwenyewe, apate thawabu ya mkono wake."

Alidhani anakuenzi. Na kwetu mtu aliyeleta viunza haulizwi vimetoka wapi. Hupokewa, akaombewa dua. Mwanao Vuai alivipokea, akavipanga juu yako. Wewe uliyetufunza kuuliza ulizikwa na watu wasiouliza.

Njia ile aliyoifungua kwa panga katikati ya mikoko haikufungwa tena. Waliofuata hawakuwa na maiti. Walitaka boriti na kuni za tanuri, na kila aliyekatazwa alisema, "Mbona ya maziko ilikatwa?" Bamvua la mwezi uliopita, maji makuu ya bahari, likapita kwenye pengo hilo, likaingia bondeni mpaka kwenye konde la Mama. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua. Sasa umekauka wote. Wa Mzee Abrahman nao umekauka, wala hatumwonei huruma. Mungu atusamehe.

Watu wanatuuliza hitima ya mwaka itakuwa lini. Itasomwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na pilau hakuna. Tukimaliza kusoma tutateremka pwani, na kila anayesema alikupenda aje na mbegu ya mkoko mkononi. Mwanapili, ambaye sasa ndiye anayelifundisha darasa lako, atakuwa amesimama kwenye pengo pamoja na wanafunzi wake. Atauliza swali lake lile lile. Safari hii ajibiwe.

Unakumbukwa na mkeo, Bi Mwanawema, ambaye bado anakuwekea kikombe cha mchaichai. Dada yako, Bi Moza. Wanao Vuai na Tatu, na mimi Kazija niliyeandika haya. Wajukuu zako, na wanafunzi wako ambao bado wananyoosha mkono.

Lala salama, Baba. Daima tutakukumbuka, kila tutakapomega wali wa mchele wa dukani.