Mashina ya Chai Uliyoyang'oa

Mogogosiek, 1997

Mama,

Naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo nivumilie. Miezi mitatu imeisha tangu tukuzike, na jambo la kilima halijatupa nafasi hata ya kukulilia vizuri.

Unajua ni kilima gani nasema, kile cha chai. Niliporudi nyumbani na watoto wawili, baada ya ndoa kunishinda, ulinionyesha ile chai ya kileleni ukaniambia, "Hii ni yako, Chebet. Chuma, ulee watoto." Nikaipalilia, nikaipogoa, ikanipa majani. Halafu mchungaji akaja na fundi wake wa kutoka Sotik. Stesheni yao ya televisheni ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa, kamera moja, na mlingoti mfupi sana, picha zikawa zinaishia bondeni. Walitafuta mahali pa juu. Nilikuwa nimesimama papo hapo na kikapu mgongoni ulipowaambia, "Chai itapandwa popote, kilima ni hiki kimoja." Hata hukunitazama. Wiki hiyo hiyo ulishika jembe mwenyewe.

Nani anang'oa chai Mogogosiek hii? Watu walisema umechanganyikiwa, na mimi ndiye niliyesema kwa sauti kuliko wote. Siku picha ilipofika ng'ambo ya bonde mara ya kwanza, uliniita mara mbili nije nione. Nilikusikia. Nikaendelea kuchuma. Hilo linaniuma, Mama, na bado nasema ulinikosea. Yote mawili ni kweli.

Sasa sikia. Mwezi uliopita kaka Kiprono alileta miche ya chai kwenye gunia. Eti mlingoti utolewe, shamba langu linirudie. Stesheni haina karatasi yoyote, ilijengwa kwa neno lako tu. Wala Kiprono hatafuti chake, ananitetea mimi, na hapo ndipo niliposhindwa kumgombeza. Ningenyamaza tu, chai ingekuwa yangu tena.

Lakini kuna Kogo. Mama mkwe wako hatoki kitandani tena, na baada ya mazishi yako alikataa hata uji. Jumapili moja nikamwashia ile televisheni ndogo ya betri. Siku hizi watu wa stesheni wanapeleka kamera hadi makanisa ya mbali, na siku hiyo wakatokea akina mama wa kwaya ya Sigowet, kule alikozaliwa. Mama, Kogo aliimba. Aliimba sauti ya pili bila kukosea neno, mpaka mwisho, kisha akaomba uji. Nililia nikiukoroga.

Alhamisi wazee walikaa hapa nyumbani pamoja na naibu wa chifu. Nikasema ulikitoa kilima, nilikuona kwa macho yangu. Kiprono hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Dada, angetoaje kitu alichokuwa ameshakupa?" Wazee wakaguna kukubali. Mchungaji akainamisha uso. Nilijua moyoni mwake ameshauona mlingoti wake uko chini, na huko ng'ambo watu wamebaki na redio tu.

Sikuketi. Niliwaambia kaka amesema kweli. Mama hakuwa na cha kutoa, kilima ni changu. Halafu nikakitoa mimi, mbele yao wote, na nikamwomba Kiprono anisaidie kupanda ile miche huku chini, kando ya zizi. Akauliza jembe liko wapi.

Haitanipa majani mwaka huu wala mwaka ujao. Nitafua nguo za watu, nitauza maziwa, watoto watasoma.

Jumatatu naenda kwa wakili Kericho na mchungaji, iandikwe, pasiwe na mtu wa kuja kuwahamisha tena. Kwenye karatasi hiyo jina la mtoaji litakuwa langu, Mama, si lako. Nakuahidi sitalifuta. Pumzika sasa.

Mwanao,
Chebet