Kichwa cha Tembo

Baba Watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto tu. Funga vizuri bomba la bafuni, linavuja. Halafu, kabla hata hujavua viatu, tazama juu ya kabati kopo lako la kale la majani ya chai, lile la tembo asiye na kichwa.

Sasa anacho.

Asubuhi uliponikuta nalipangusa vumbi, ulisema mimi sina jicho, kwangu vya kale na takataka ni mamoja. Nikapeleka suruali yako kwa fundi cherehani, na pale mezani, chini ya pini zake, nikaona sikio. Sikio la tembo, jamani! Nikamwaga pini: kifuniko cha kopo lako, na kichwa chote kipo. Miaka sita umezunguka magulio na maduka ya vyuma chakavu ukikitafuta, kumbe kiko mtaa wa pili kinabeba pini!

Fundi naye alitaka kitu cha kuwekea pini zake. Nimempa kibakuli chako cha kunyolea ndevu. Usinung'unike.

~~Usiliguse kopo mpaka nirudi.~~ Liguse, lakini nawa mikono kwanza, na kutu usiisugue. Unaona? Siku zote ukihubiri nilikuwa nasikiliza.

Niko kwa dada yako hadi jioni. Wageni wakija Jumapili, utawaambia wewe mwenyewe nani amekipata.

Na kuhusu jicho: ndilo hilo hilo lililokuchagua wewe, na ulikuwa na kutu kuliko hilo kopo.

Mama Watoto