Ndege Isiyohitaji Kurudi

Tinde, Jumanne

Yule mteja amerudi tena. Anajiita mnunuzi wa dhahabu kutoka Runzewe, lakini hajawahi kuitaja dhahabu. Nilimwonyesha kwenye kompyuta michoro ya ndege isiyo na rubani ninayoibuni, ya kupeleka damu hospitali.

"Inabeba kilo ngapi?"

"Nne, kwenda na kurudi."

"Na kama haihitaji kurudi?"

Nikaifunga kompyuta.

"Usiogope, Injinia. Huko ng'ambo ulibuni makombora. Hii kwako ni kazi ndogo."

Hapa hakuna anayejua hilo. Hata mama nilimwambia nilikuwa natengeneza ndege za abiria.

Nikamwambia siuzi. Alipoondoka nikafuta michoro yote kwenye kompyuta, kazi ya miaka miwili.

Kesho nitamweleza mama ukweli, kabla mtu huyu hajamfikia.