Jina la Faida Kwenye Skrini

Kadutu, Bukavu
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Mwavita, Uvira.

Assalam alaykum, dada yangu. Je, mgongo umepoa? Shemeji anaendeleaje, na yule mjukuu wenu aliyekuwa akiota meno, ameacha kuwauma watu? Sisi huku tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Mvua haijatupa nafasi wiki nzima. Unajua matope ya Kadutu: mtu huanza kushuka kwenda sokoni akiwa amesimama, akafika chini amekaa. Wanao wote wanakusalimu, na mimi ninakukumbuka kila nikipika samaki, kwa sababu wa huku hawana mafuta kama wenu.

Ninajua habari ya mke mwenzangu Faida imekufikia, maana nyumba ya baba yake haiko mbali na kwako. Utakuwa umesikia kwamba Amuri, mume wetu, amempa talaka moja, na kwamba chanzo chake ni kompyuta ya atelye yetu ya ushonaji. Watu wa kwao wamekusimulia kwa namna yao. Leo nisikilize na mimi.

Dada, sitajifanya malaika. Tangu Amuri alipomwoa Faida mwaka jana na kumweka Nguba, huko kwenye upepo wa ziwa, nimekuwa nikimwonea wivu hata nikilala. Zamu ya Nguba ikifika, Amuri alijipaka manukato mpaka majirani wakohoe. Zamu yangu ikifika, alinijia na soksi za kufua. Na akiwa kwangu, mdomoni alikuwa na Faida tu: Faida amesema hivi, Faida alisoma informatique ya kompyuta, Faida ana kucha ndefu na bado anaandika bila kutazama herufi. Wazee walisema wivu ni kidonda. Changu kilikuwa na usaha.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuwa nacho. Ile mashine ya kutarizi tuliyoleta kutoka Bujumbura, na kompyuta inayoiongoza, vilikuwa vyangu. Maua yote yaliyomo nimeyachora mimi. Wateja hawakusema wanaenda kwa Amuri, walisema wanaenda kwa Maman Amisa. Nikikaa mbele ya mashine ile ikianza kugonga sindano, nilikuwa mke wa pekee.

Basi siku moja Faida akaja atelye, akaitazama kompyuta, akasema mfumo wake umezeeka na waliouunda wameacha kuutunza. Akaweka mpya. Dada, ilipendeza, siwezi kukataa. Rangi mpya, alama zimepangwa katikati, kila kitu kinafunguka upesi. Na kompyuta ilipowaka, palitokea jina la Amuri, na chini yake jina la Faida pamoja na picha yake akiwa na kitambaa cha hariri. Langu halikuwamo. Kweli, halikuwahi kuwamo hata zamani, ila zamani sikujua kwamba jina la mtu linaweza kukaa humo. Amuri akawaita majirani waje waone kazi ya bibi yake aliyesoma. Mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Kesho yake mashine ya kutarizi ikawa kiziwi. Kompyuta ilikuwa ikiituma, nayo haisikii. Na hapo tulikuwa na kazi ya harusi ya binti wa Hadji Latifu: kanzu za upande wa bwana harusi na magauni ya mashangazi wote. Amuri akaleta mafundi, wakabadilisha waya, wakapuliza vumbi, wakala pesa. Faida akasema anaweza kuirudisha kompyuta kwenye mfumo wake wa kwanza bila kupoteza michoro. Amuri akamkataza hata kugusa kipanya, na mimi nikaunga mkono kwamba aliyeunguza chungu hapewi tena mwiko. Harusi ikakaribia. Hadji Latifu akaja kuchukua vitambaa vyake, akapeleka kwingine, kisha akasema mbele ya watu waliotoka msikitini kwamba Amuri hupokea kazi za watu halafu humpa mkewe achezee.

Amuri alirudi macho mekundu. Akamuuliza Faida, mbele yangu, kwa nini aligusa kitu asichokijua bila kuuliza. Faida akajibu kwamba aliuliza, tena aliniuliza mimi, na mimi ndiye niliyemwambia afanye. Amuri akanigeukia. Nikaapa kwa vichwa vya wanangu kwamba mimi ni mtu wa sindano, mambo ya mifumo sina habari nayo. Ndipo Amuri akasema mke akiharibu kitu, kitatengenezwa, lakini anayeharibu na kumbebesha mkubwa wake hafai kukaa naye. Akatamka talaka. Shehe alimkumbusha kwamba mwanamke wa talaka moja hukaa eda nyumbani mwa mumewe, lakini baba yake Faida alikuwa ameshapanda kutoka huko kwenu kumchukua. Faida aliondoka bila kulia. Alinitazama tu, nami nikajifanya natafuta mkasi.

Baada ya hapo ndipo jirani mmoja alipotuletea Polycarpe, kijana wa Nyantende anayetengeneza kompyuta za parokia yao. Huyo hakugusa waya hata mmoja. Alituambia mfumo mpya ukiingia, ule wa zamani hautupwi mara moja, huwekwa kando kwa siku kumi, mtu akijuta aweze kurudi. Siku hizo zikipita, unafutwa, na hapo hata yeye hawezi kitu. Tulikuwa ukingoni kabisa. Akaingia kwenye mipangilio, akapata mahali pa kurudi nyuma, lakini kompyuta ikagoma. Ikasema kwanza iondolewe akaunti iliyoongezwa baada ya mabadiliko. Polycarpe akauliza hii ya Faida ni ya nani, na kama inaweza kufutwa. Amuri akatoka nje kutazama mvua. Nikamwambia Polycarpe anioneshe pa kubonyeza, nitabonyeza mwenyewe.

Nilibonyeza, dada. Jina likaondoka pamoja na kitambaa chake cha hariri. Sijui nikuambie nini; nilisikia utamu kama wa kutolewa mwiba.

Kompyuta ikazimika, ikawaka, ikazungusha duara lake, nasi tukiomba umeme usikatike. Mwishowe ule uso wake wa zamani ukarudi, na maua yangu yote yamo. Mashine ikashtuka, ikaanza kugonga. Nikapiga vigelegele peke yangu.

Nilidhani na nyumba itarudi vilevile. Sasa kila usiku ni zamu yangu, na Amuri analala ameelekea ukuta. Nikipika sombe, anaonja na kusukuma sahani. Simu ikilia, anaruka, halafu akiona si ile anayoingoja anaitupa kitandani. Wiki iliyopita nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, haifanyi kazi yoyote, anatazama pale jina lilipokuwa. Nilitamani nivunje kioo. Alipokuwa na mke Nguba, nilikuwa na nusu yangu, chafu chafu hivyo, na soksi zake. Sasa mwanamke yuko Uvira na amemchukua mzima. Hakuna zamu ninayoweza kumdai mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo, dada, usidhani haya nitakayoandika yametoka kwenye wema. Yametoka kwenye wivu uleule.

Faida aliniuliza. Alisimama hapa mlangoni nikiwa napiga pasi, akaniita kwa heshima ya dada mkubwa: "Yaya, hii système iko ya zamani. Nikiibadilisha, masini ya broderie haitakataa?" Na mimi nilijua itakataa. Yule fundi wa Bujumbura aliyetufungia mashine aliniambia, siku ambayo Amuri alikuwa amekwenda kufuata karatasi za forodha, kwamba mashine hii inaelewana na mfumo ule tu, tusije tukaubadilisha. Nilikuwa naikumbuka sauti yake nikimtazama Faida kucha zake. Nikamwambia: "Fanya tu, mudogo wangu, itakataa nini?" Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mdogo wangu, na alifurahi, niliona. Nilitaka aaibike kidogo mbele ya Amuri, basi. Mambo ya Hadji Latifu na talaka sikuyaona yakija. Lakini yalipofika, ningeweza kuyazuia kwa neno moja, nami nikaapa kwa vichwa vya watoto.

Nimejaribu kumwambia Amuri. Nilianza nikiwa namwekea maji ya kuoga, nikaishia kumuuliza kama yana moto wa kutosha. Naogopa, dada. Neno lililomtoka siku ile linaweza kumtoka tena, na safari hii litakuwa langu, nami nitakuwa nimelistahili kuliko mwenzangu. Lakini uliniambia kwenye simu kwamba Faida hajamaliza eda, ingawa imebaki kidogo. Maadamu yumo ndani ya eda, Amuri anaweza kumrejea kwa neno tu, bila mahari wala harusi mpya. Ikiisha, baba yake atataka mambo yaanze upya, na kwa aibu aliyoipata hatakubali. Polycarpe alinionesha jinsi kompyuta isivyomngoja mtu anayesitasita.

Ndiyo sababu nimemtuma Amuri Uvira. Yeye anadhani amekuja kwa ajili ya vitambaa vya bandarini. Barua hii amekuletea yeye mwenyewe kwa mkono wake, na nimemwambia ni mambo ya wanawake, asiifungue, unamjua, hafungui. Bila shaka sasa hivi yuko hapo ukumbini kwako, anakunywa chai na kulalamikia joto. Ukimaliza kusoma, mpe asome yeye, kuanzia juu. Usimsomee wewe, maana unanipenda na utaruka mahali.

Akinyamaza, mwache. Akitaka kusema neno juu yangu, mwambie aje alisemee huku, nikimtazama. Akiuliza njia ya kwa kina Faida, mpeleke. Faida mwambie kwamba kiti cha mbele ya kompyuta tutakaa kwa zamu, na jina lake Polycarpe ataliandika tena, bora na langu liwepo. Lakini Amuri mwambie hivi: akirudi naye, usiku wa kwanza ni wangu. Hilo silitoi.

Nisalimie shemeji, umbusu mjukuu, na jipake ile dawa ya mgongo kabla ya kulala, usisubiri maumivu. Mniombee kwa Mungu, hasa kwa ajili ya kile kiapo.

Ni mimi mdogo wako,
Amisa,
ambaye, mpaka mstari huu unaousoma, bado ni mke wa Amuri.